Vigingi Vilivyooshwa

Jina alilopewa shemeji yangu na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaa mzima unamwita Kekee, maana alianza kazi ya kutoboa kuta kwa kekee ya mkono, ile ya kuzungusha mpaka bega linaomba radhi, kabla hajapata drili ya umeme. Alipokuja kwetu kumposa dada yangu alikuwa kijana mwembamba mwenye vumbi hadi ndani ya masikio. Mimi, kitinda mimba wa nyumba na mdomo usio na breki, nilimwambia mbele ya watu kwamba tuliomba mwanaume, tumeletewa mfuko wa chokaa. Alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo mimi na yeye ni utani mtupu, kama ilivyo kwa mashemeji, ila miaka hii ya karibuni utani wangu uliingia uchungu, na wake ukawa unapungua.

Sehemu tunayokaa nyumba nyingi ni za zamani, kuta za mawe na chokaa, nene kiasi kwamba mtu anaweza kukaa dirishani na kukunja miguu. Ni kuta nzuri wakati wa joto, na ni balaa ukitaka kutundika kitu. Mwite fundi yeyote akuwekee rafu: atakuja na drili inayogonga kama mashine ya kuvunja barabara, atabonyeza, na plasta itashuka kipande cha ukubwa wa sinia, na nyuma yake mchanga utaanza kumiminika kama gunia lililotoboka. Kisha atakung'uta suruali na kukuambia ukuta wako ni mbovu. Mambo hayo hunipandisha hasira. Ukuta umesimama tangu babu yake hajazaliwa, yeye amekuja asubuhi moja tu na tayari anausimanga.

Kekee hakuwa na pupa hiyo. Kwanza aligonga ukuta kwa mpini wa bisibisi, sikio karibu kabisa na plasta, akitafuta mahali palipojaa na kupaacha palipo tupu. Akitia alama kwa penseli, anaanza na ncha nyembamba, mwendo wa polepole, drili inazunguka tu bila kugonga. Macho hayatoki kwenye vumbi. Likiwa jeupe, bado yuko kwenye plasta. Likiwa la kijivu, amefika kwenye jiwe na anashukuru. Likianza kutoka la njano na la mchangamchanga, drili imeingia katikati ya mawe mawili, kwenye chokaa iliyochoka, na hapo husimama, huziba, husogea pembeni na kuanza upya.

Na tundu likishapatikana, hakuweka vile viplastiki vya dukani, kwa sababu katika kuta hizi huzunguka tupu na skrubu haishiki. Alichonga vigingi vyake mwenyewe kutoka kwenye miimo ya milango ya zamani, mbao ngumu inayokataa hata kisu. Akishavichonga alivikausha kwenye wavu juu ya jiko kwa muda mrefu, mpaka vikigongana vinalia. Sababu yake amenieleza mara nyingi kiasi kwamba naweza kuisema usingizini: ukuta wa zamani hauishiwi unyevu, na kigingi kikavu kikiingia humo kinakunywa ule unyevu na kuvimba, kinaubana ukuta na ukuta unakibana. Kigingi chenye maji kinafanya kinyume. Siku kikikauka kinasinyaa, na skrubu yako inabaki inaning'inia hewani.

Dada yangu alikuwa mwenzake wa kazi. Mwanzoni wateja walilalamika kwamba rafu ni nzuri lakini vumbi limefika mpaka kwenye mashuka, basi dada akakata shauri kwenda mwenyewe. Alikunja gazeti kuukuu likawa kama mfuko, akalibandika chini ya alama ya penseli, na vumbi lote likadondokea humo. Kisha alipita na kitambaa chenye maji kidogo, akafuta ukuta, akafuta sakafu, hata mwenye nyumba akawa anatafuta fundi amefanya kazi wapi. "Yeye atoboe, vumbi ni langu," alikuwa akisema. Watu walimwita Kekee mara ya kwanza kwa sababu ya ukuta, na mara ya pili kwa sababu ya dada.

Kisha dada akaanza kusahau. Aliniita kwa jina la marehemu mama yetu na mimi nikadhani ananitania. Akapika akasahau kuwasha jiko. Akatoka kwenda dukani akakaa kwenye ngazi za watu wengine mpaka jirani akamrudisha kwa mkono. Daktari alisema ni ugonjwa wa ubongo, hauponi, na utazidi. Mambo mengine yalipomtoka moja baada ya jingine, kuosha kulibaki, tena kuliongezeka. Aliosha viatu vya ngozi, akaosha redio, akaosha mkate. Redio ilinichekesha. Siku ya mkate nilitoka nyuma ya nyumba nikalia.

Kekee hakumwacha nyumbani. Alikwenda naye kila kazi, akamwekea kiti, akampa gazeti, na vidole vya dada vikakunja vyenyewe. Hapo mbele ya ukuta, drili inalia na vumbi linadondoka, hungejua kwamba anaumwa. Alikuwa anasema, "Sogeza mkono, unanimwagia," kwa sauti ile ile ya miaka yote. Nilimwambia Kekee kwamba anajichosha, mgonjwa mahali pake ni kitandani. Alinijibu kwamba nyumbani anakaa na mgonjwa, kazini anakaa na mke wake, na mimi nisimpangie.

Wana mtoto mmoja tu, binti. Mimi ndiye niliyempachika jina la Meneja akiwa bado hajui kufunga viatu, maana alikuwa akiamrisha mpaka kuku. Amekua, ana kazi ya ofisini katika mji ulio safari ya kutwa nzima kwa basi, ana mume na watoto wadogo, na bado anaamrisha. Lakini anawapenda wazazi wake, hilo sitamnyang'anya. Alikuwa anapiga simu, anatuma dawa, analala roho juu.

Kilichomkasirisha kilitokea nyumbani kwa mjane mmoja. Kekee alikuwa anatundika rafu chumbani, akamwacha dada sebuleni muda wa kubadilisha ncha ya drili tu. Alipotoka, dada alikuwa bafuni na albamu ya yule mjane. Alikuwa amezichomoa picha za marehemu na kuzisugua kwa sabuni, moja moja, mpaka karatasi ikawa nyeupe. Yule mama hakupiga kelele. Alikaa chini bafuni na kushika tama, na hilo lilikuwa baya kuliko kelele.

Habari zilimfikia Meneja kabla hata ya jioni. Alimpigia baba yake akamwambia likitokea jambo moja tena, moja tu, atakuja kumchukua mama yake, na hatauliza mtu. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili. Mama angelala na watoto, kwa mwanaume mzima hapakuwa na nafasi, na Kekee alilijua hilo bila kuambiwa. Alikuja kwangu, akakaa kwenye stuli kando ya cherehani yangu, akakaa sana. Nilitaka kumtania nikaona uso wake nikafyata ulimi. Alisema anachokiona kimebaki cha dada ni kile kinachoonekana akiwa kazini mbele ya ukuta tu. Wakimwondoa huko hawatakuwa wamechukua mgonjwa, watakuwa wamemmaliza.

Muda si mrefu akaja mwenye duka la dawa. Alikuwa amepanga chumba cha chini katika nyumba kongwe kuliko zote mtaani, akataka rafu ndefu, ukuta hadi ukuta, juu ya meza ya kuuzia, ya kupanga chupa za dawa za maji. Kazi nzuri, mahali panapoonekana. Na Meneja, aliposikia, akaomba likizo. Alisema atakuja aifuate kazi hiyo mwanzo hadi mwisho, aone kwa macho yake kama mama yake anafaa kutembezwa kwenye nyumba za watu. Ulikuwa mtihani, na kila mtu alijua ni mtihani, isipokuwa aliyekuwa anatahiniwa.

Asubuhi ya kazi nilipita kumpelekea dada gauni nililomshonea ili apendeze. Nilizunguka nyuma. Dada alikuwa amechuchumaa mbele ya beseni, povu mpaka kwenye viwiko, anaimba chinichini. Kwenye kamba ulikuwa unaning'inia mfuko wa vigingi, umegeuzwa ndani nje na unachuruzika maji. Vigingi vyote vilikuwa ndani ya beseni. Alikuwa anavichukua kimoja kimoja, anavisugua kwa brashi, anavisuuza, anavipanga kwenye ukingo wa saruji kwa ukubwa wake. Ni wazi vilikuwa majini muda mrefu, maana rangi yake ilikuwa imeshakuwa nyeusi.

Kekee alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kikombe cha chai mkononi, ndevu amenyoa vizuri. Alikuwa anatazama tu. Ndani tulimsikia Meneja anaongea na simu, anawapa watu wa ofisini kwake maelekezo.

"Shemeji, ahirisha," nilimnong'oneza. "Sema unaumwa."

"Nitaulizwa naumwa nini."

"Basi sema ukweli. Ni vigingi tu, si picha za marehemu."

"Ukweli ndio utakaomchukua," alisema.

Alivifuta vigingi kwa taulo, akavimwaga kwenye wavu juu ya jiko, akachochea moto. Kwa muda tuliokuwa nao vilipata joto nje, vikapauka, vikapendeza machoni. Nilichukua kimoja nikakipima kiganjani. Kilikuwa kizito kama kiazi. Kekee alininyang'anya, akasema vitashika kwa sasa, kwa sasa vitashika hata zaidi, maana vimevimba. Meneja akishaondoka atachonga vingine, atavikausha inavyotakiwa, atarudi dukani na kuvibadilisha kabla ya kiangazi, hakuna atakayejua. Nilimwambia yeye ni mjinga. Akasema anajua.

Nilikwenda nao, sina haya kusema, kwa sababu nisingeweza kushona hata mshono mmoja siku ile. Na dada alifaulu. Alifaulu kupita kiasi. Aliingia dukani amevaa gauni jipya, akaamkiana na mwenye duka kwa adabu, akaomba gazeti. Alikunja mifuko yake ya vumbi mmoja kwa kila alama, akaibandika sawa. Alimkemea mumewe kwamba anasimama kwenye mwanga. Drili ilitoa vumbi jeupe, kisha la kijivu, jiwe safi, matundu mazuri kuliko niliyowahi kuyaona. Ni pale tu Kekee alipoanza kuvipiga vigingi nyundo ndipo nilipoangalia chini. Kwa kawaida kigingi kinalia kikiingia. Hivi viliingia kimyakimya.

Akafunga vyuma vya pembe vya kubeba rafu, akalaza ubao, akaweka pima maji juu yake, na kiputo cha ndani kikatulia katikati. Akaning'inia kwa mikono miwili kuijaribu. Rafu haikutikisika. Dada akafuta ukuta, akarudi nyuma hatua kadhaa, akauangalia, akasema, "Sasa panakalika." Meneja alikuwa amesimama mlangoni na machozi yanamtoka. Nje alinikumbatia akaniambia, "Mama mdogo, labda mimi ndiye niliyekosea." Kesho yake akapanda basi akiwa anacheka, akampungia baba yake mkono mpaka basi likapotea kwenye kona.

Kekee hakupoteza muda. Alichonga vigingi vingine, akavilaza kwenye wavu, na safari hii aliufunga mlango wa jikoni kwa komeo. Vilipokuwa tayari alikwenda dukani. Mwenye duka alimwonyesha rafu imejaa chupa kutoka mwanzo hadi mwisho, wateja wamesimama foleni. Akamuuliza anataka kuishusha ya nini, mbona imesimama kama askari. Kekee akasema ni kuikagua tu. Akaambiwa aje siku nyingine.

Akaja siku nyingine. Akaomba angalau upande mmoja, atazishusha chupa mwenyewe na kuzirudisha mwenyewe. Mwenye duka alikuwa mtu wa mzaha, na duka lilikuwa limejaa. Akamuuliza kwa sauti kama kuna kitu amesahau ndani ya ukuta, au ule ugonjwa wa mama nyumbani unaambukiza. Watu wakacheka. Si wabaya, walicheka tu kama watu wanavyocheka wakiwa foleni. Kekee alichukua mfuko wake wa vifaa akatoka. Angeweza kusema neno moja pale, kwamba vigingi viliingia na maji, na ile rafu ingeshushwa mchana ule ule. Lakini neno hilo lingefika kwa Meneja kabla yeye hajafika nyumbani, naye alijua hivyo.

Kiangazi kikaja na upepo wake. Nguo zilikauka kwenye kamba kabla sijamaliza kuzianika. Kila siku nilimwona Kekee anapita mbele ya cherehani yangu, dada amemshika mkono wa shati, wanaelekea upande wa duka la dawa. Hakuingia. Alisimama ng'ambo ya barabara, akaitazama rafu kupitia mlangoni, kisha akageuka. Nilimwuliza anatazama nini, kama anaweza kuibandika kwa macho. Hakucheka, na mimi mwenyewe sikuwa nimekusudia acheke.

Iliporomoka mchana, duka likiwa wazi. Nilisikia mlio nikadhani ni gari. Nilikimbia na futi ya kupimia bado iko shingoni. Muuzaji wa duka, msichana mpole aliyekuwa anatuhifadhia dawa zetu bila kuombwa, alikuwa ameinama chini ya rafu anachukua kitu kwenye droo. Ubao ulimshukia begani na chupa zikafuata. Dawa nyekundu ya kikohozi ilikuwa imetapakaa sakafu nzima, na watu waliokuwa nje walidhani yote ile ni damu yake. Iliyokuwa damu ilikuwa ya kutosha.

Kekee alikuwa ameshafika. Alikuwa amepiga magoti katikati ya vioo, anamchambua yule msichana vipande kutoka kwenye nywele, anamwambia asifumbue macho. Walipompakia kwenye gari kumpeleka hospitali ndipo aliposimama na kuuangalia ukuta. Ukuta haukuwa na kasoro. Matundu yalikuwa mazima, ya mviringo, kama alivyoyatoboa. Vigingi vilikuwa vimetoka vyote, vizima, skrubu bado zimo ndani yake. Aliokota kimoja akakirudisha kwenye tundu lake kwa kidole. Kiliingia na kutoka bila kugusa pembeni.

Mwenye duka alimuuliza mbele ya umati kulikoni. Sasa hakuwa na mzaha.

"Ni mimi," Kekee alisema. "Mikono imezeeka na macho yamepungua. Nilitoboa vibaya."

Aliyasema wazi, kila mtu asikie. Mtu ambaye hakuwahi kutoboa vibaya hata tundu moja tangu nimfahamu alijipaka tope mwenyewe hadharani, na dada alikuwa kando yake ameokota kitambaa anafuta ile dawa nyekundu, anamwambia mwenye duka asijali, vumbi ni lake.

Hapa simsafishi shemeji yangu. Yule msichana alivunjika mfupa wa bega, na mpaka leo mkono wake haupandi hata kuchana nywele. Hakuwa na habari ya beseni, wala ya Meneja, wala ya mapenzi ya watu wawili wazee. Kekee alikwenda kumwona hospitali kila siku, akakaa karibu na kitanda. Mama wa yule msichana alikuwa anampa kisogo. Alikuwa na haki.

Meneja alifika na sanduku tupu. Tulikaa sebuleni, dada chumbani amelala. Kekee alirudia maneno yale yale ya mikono na macho, na nikaona amejiandaa, anaamini kwamba kosa likiwa lake peke yake, mama hatakuwa na kesi. Meneja alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza:

"Kama mikono haishiki tena, Baba, Mama atashikwa na nini?"

Kekee hakuwa amelifikiria hilo. Miaka yote ya kugonga kuta na kusikiliza, na hilo hakulisikia.

Hapo nikashindwa kujizuia. Nilisema yote: beseni, povu, mfuko kwenye kamba, vile vigingi vizito kiganjani mwangu. Nilisema mikono ya baba yako haina neno, macho yake yanaona kuliko yangu na yako, ni mama yako aliyeviosha na huyu alikuwa anamficha. Nilidhani namwokoa. Meneja akaanza kulia, si kwa hasira.

"Kwa hiyo mliniangalia pale dukani nalia kwa furaha," alisema, "na nyote wawili mnajua."

Akajifuta uso, akasema yeye si adui yetu, lakini ama Baba hawezi tena kazi, ama Mama ni hatari kwa watu, na kwa vyovyote vile Mama hawezi kubaki hapa. Nilitafuta njia ya tatu nikaikosa. Uongo wa Kekee na ukweli wangu vilikuwa vimeishia kwenye mlango mmoja.

Dada aliondoka akiwa mtulivu, anadhani anakwenda kazini. Alimwuliza Kekee kwa nini hajachukua drili. Akamjibu kwamba imetangulia. Basi lilipowashwa injini dada aligeuka akawa anazungumza na mtu wa siti ya jirani, na hatukuuona uso wake tena.

Baada ya hapo hakuna aliyemwita Kekee. Alikuwa amejitangaza mwenyewe kwamba hafai, na watu walimwamini, kama ilivyo kawaida ya watu kuamini baya. Anakaa kwangu mchana, kwenye ile stuli, ananishikia kitambaa nikikata. Namtania ninavyoweza. Namwambia tangu aache kazi amekuwa mweupe, kumbe chini ya chokaa kulikuwa na mtu. Anatabasamu kwa ajili yangu.

Meneja hupiga simu Jumapili. Jumapili iliyopita Kekee aliweka sauti kubwa ili na mimi nisikie. Meneja alisema Mama anakula vizuri, uzito umeongezeka. Ila kila asubuhi anakwenda mlangoni, anasema amechelewa kazini, fundi anamsubiri. Siku moja walimkuta barabara kuu, katikati ya magari. Ikabidi wamfungie.

"Mnamfungia?" Kekee aliuliza.

"Mchana tu, Baba, tukiwa hatupo. Sina namna nyingine." Kisha akasema ngoja nikupe Mama.

Tulisikia simu inabadilisha mikono, na pumzi.

"Nani mwenzangu?" dada aliuliza.

"Ni mimi."

"Wewe ni jirani?"

"Ndiyo," alisema. "Ni jirani."

"Nisaidie basi, jirani. Mlango wa huku haufunguki, nimejaribu mpaka mikono inauma. Mwambie mume wangu aje na drili yake. Yeye hakuna ukuta unaomshinda."

"Nitamwambia."

"Mwambie asikawie, maana nimeshavaa."

"Nitamwambia," Kekee alisema tena.

Meneja alirudi kwenye simu, akasema Mama amechoka, tutazungumza Jumapili ijayo. Kekee akamjibu kwamba amesikia.